Mchuzi Usioonjwa

Kila siku baada ya masomo, Kinda alivua sare yake ya shule, akavaa gauni kuukuu na kukaa kwenye kigoda mbele ya beseni la kambare. Kazi yake ilikuwa kuwasugua samaki hao kwa majivu mpaka ute wote utoke. Kambare hana magamba. Ngozi yake huteleza kama sabuni, na ukimshika kizembe hukuponyoka arudi majini hata kama alikufa tangu asubuhi. Akishasuguliwa, shangazi alimpokea, akampinda na kuuchomeka mkia wake mdomoni kwa kijiti, kisha akampanga juu ya wavu wa tanuri. Kazi iliyobaki ilikuwa ya moshi.

Kinda halikuwa jina lake la shuleni. Ni mama yake aliyemwita hivyo, kwa kuwa alizaliwa mdogo kama kinda la ndege. Mama alikuwa amefariki miezi minne iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Baba yake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuonekana kama mvua za kiangazi. Basi Kinda akaletwa kwa shangazi yake, dada ya baba, mkaushaji wa samaki. Alikuja na mfuko wa nguo na sufuria ndogo ya mama, yenye kishikio kilichofungwa waya.

Kanisa la mama yake lilishika sheria za vyakula zilizo katika torati. Nyama ya nguruwe hawakuila. Samaki asiye na mapezi na magamba hawakumla. Mama alimfundisha Kinda kumkagua samaki kwa ukucha wa kidole gumba, kuanzia mkiani kwenda kichwani. Ukucha ukikwama, ni halali. Ukiteleza, mrudishe.

Siku zake za mwisho, akiwa kitandani, mama alimwachia maneno mawili. La kwanza, "Usisahau niliyokufundisha." La pili, "Usimsumbue shangazi yako."

Siku ya kwanza kabisa shangazi alimwuliza, "Mama yako hakuwa akila samaki wangu. Wewe je, unakula?"

Kinda alilikumbuka lile neno la pili. "Nakula, shangazi," akajibu.

Uongo ule ulikuwa mdogo kama mbegu ya mchicha, lakini ulimea. Katika nyumba ile, kambare waliovunjika na wasiouzika ndio waliokuwa mboga karibu kila jioni. Shangazi alipakua wali, akaumwagia mchuzi, akamkabidhi kila mtu sahani yake. Kinda alisema anapenda kula nje, penye upepo. Huko nyuma ya jiko alichota punje za wali ambazo mchuzi haukuzifikia, na zilizobaki akampa paka. Kisha alirudi na sahani tupu.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, shangazi."

Alipomaliza kuosha vyombo, aliichukua sufuria ya mama, akaisugua kwa mchanga ingawa haikuwa imepikiwa kitu, akaifunika kwa kitambaa. Aliamini kwamba katika nyumba nzima, hiyo sufuria tu ndiyo iliyokuwa safi. Siku nyingine alilala nayo ubavuni kama mtoto anayelala na mwanasesere.

Binti wa shangazi, aliyekuwa rika lake, aliitwa Chiriku kwa sababu ya maneno mengi. Chiriku hakuwa na roho mbaya, ila hakuacha nafasi mtu mwingine aseme. Jumapili moja, katika darasa la watoto kanisani kwa shangazi, mwalimu alisimulia jinsi mtume Petro alivyoona shuka likishuka kutoka mbinguni, limejaa wanyama wa kila aina, na sauti ikamwambia achinje ale.

"Kwa hiyo wanaoogopa kambare wanaogopa nini, mwalimu?" akauliza Chiriku. "Masharubu yake?"

Darasa zima likaangua kicheko. Kinda naye akacheka. Alicheka kwa sauti, wasije wakamgundua. Njiani kurudi nyumbani aliwaacha wenzake wamtangulie, akatembea peke yake kando ya ukuta. Alihisi kama amemcheka mama yake mbele ya watu.

Wiki mbili baadaye, asubuhi wanafunzi wakiwa mstarini, Kinda aliona bendera ikiwa mbili, kisha hakuona kitu. Alizinduka akiwa kwenye zahanati. Muuguzi alimfunua kope, akamtazama kucha.

"Huyu mtoto damu imepungua," akamwambia shangazi, aliyefika mbio akinuka moshi. "Hali vizuri."

"Anakula!" akadakia Chiriku, aliyemsindikiza kutoka shuleni. "Sahani yake hurudi nyeupe kuliko yangu. Mpaka paka wetu..." Akanyamaza ghafla, na kunyamaza kwake kulikuwa ajabu kuliko ugonjwa wenyewe. "Mama, paka wetu ana kitambi."

Jioni ile shangazi alipakua chakula kama kawaida, akamwacha Kinda atoke nje, kisha akamfuata taratibu. Alimkuta amechuchumaa, akimwekea paka kipande cha kambare.

"Kumbe," shangazi alisema. Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo lilimwumiza Kinda zaidi. "Kumbe chakula cha nyumba yangu ni najisi. Miezi minne unakitupa."

Kinda alitamani ardhi ipasuke. Akafikiri, sasa nitarudishwa, lakini wapi? Machozi yakamtoka. "Nilidanganya, shangazi. Mama alisema nisisahau alivyonifundisha. Tena alisema nisikusumbue. Sikujua nifanye vipi vyote viwili."

Shangazi akavuta gogo la kuni, akalikalia. Chiriku alikuwa akichungulia mlangoni.

"Lakini Petro..." Chiriku alianza.

"Wewe, funga mdomo, nzi wasiingie," mama yake akamwambia. Kisha akamgeukia Kinda. "Ile sufuria yako, niletee."

Kinda aliileta akiwa ameikumbatia. Shangazi aliipokea, akapapasa kile kishikio.

"Huu waya niliufunga mimi. Je, mama yako alikueleza kilipovunjikia? Hakukueleza. Wewe ulikuwa bado hujaanza kutembea. Nilipasuliwa tumbo, nikakaa wiki tatu kila kitu nakitapika. Kilichotulia tumboni ni mchuzi wa kambare tu. Na nani alikuwa wa kunipikia? Mume wangu alikuwa ameshafariki. Alikuja wifi yangu, mama yako, na sufuria yake hii, na kishikio kikavunjikia jikoni kwangu."

Kinda akaishangaa ile sufuria. "Alipika kambare? Humu?"

"Humu humu. Ila hakuonja. Alichota kijiko, akanijia nacho kitandani: 'Wifi, chumvi imekolea?' Siku nyingine ilikuwa maji ya bahari, siku nyingine maji ya kuoshea vyombo. Nilikunywa yote."

"Kwa hiyo aliivunja sheria?"

"Hata mimi nilimwuliza. Tulikuwa tukibishana sana juu ya jambo hilo, si unajua. Mimi nilisema Kristo ametuweka huru, chakula hakimtii mtu unajisi. Yeye alisema Mungu habadiliki, na aliyotukataza zamani hakutukataza bure. Hatukuafikiana mpaka anakufa. Lakini siku ile alinijibu, 'Wifi, sheria yangu ni ya mdomo wangu. Mikono yangu ni ya mgonjwa.'"

Paka, ambaye hakuwa na habari na mambo ya dini, alimaliza kipande chake na kujilamba.

Shangazi akamwambia Chiriku, "Na wewe mwanafunzi wa Petro, mwalimu wako hakumaliza hadithi. Baada ya maono yale Petro hakutumwa buchani. Alitumwa nyumbani kwa mtu ambaye zamani asingethubutu kuketi naye. Akaingia, akaketi naye. Sasa wewe umekaa nyumba moja na ndugu yako miezi minne, hata hujui kwamba chakula chake kinaliwa na paka."

Chiriku akainama. "Mimi nilidhani anatuchukia," akasema polepole.

"Na mimi nilidhani anakonda kwa msiba tu, nikaona nisimchokoze. Nilikosa." Shangazi akamrudishia Kinda sufuria. "Sikiliza, mwanangu. Ukila kambare, hutakuwa umemtupa mama yako. Usipomla, hutakuwa umenitukana mimi. Mimi naamini Mkristo yuko huru kula. Ukikua utasoma mwenyewe, utaamua mwenyewe. Anayekula asimcheke asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Ila uongo hauna mapezi wala magamba kwa yeyote kati yetu. Huo usiniletee tena. Hukunisumbua kwa kukataa samaki. Umenisumbua kwa kunificha."

Tangu siku hiyo, maharage au samaki wa magamba walipikwa katika sufuria ndogo, kambare katika kubwa, na watu wote walikula mkeka mmoja. Kinda alirudiwa na nguvu kidogo kidogo. Upweke haukumwisha, maana mama hana mbadala. Lakini Chiriku alianza kumwita Kinda, na paka akapungua kitambi.

Msimu wa baridi shangazi alishikwa na homa, akakataa kila chakula. Kinda alichagua kambare mmoja, akamsugua kwa majivu mpaka ute ukaisha, akampika polepole katika sufuria ya mama. Hakuonja. Alichota kijiko, akakipoza kwa pumzi, akaenda nacho kitandani.

"Shangazi, chumvi imekolea?"

Shangazi alionja, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Kwa kuwa tulikubaliana tusidanganyane," akasema, "ni bahari tupu, Kinda. Lete bakuli lote."