Tangazo Alilolikataa Domitille

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare yake ya shule, Domitille aliteremka hadi duka la dawa la mjomba wake Patrice, karibu na soko la Kadutu. Kazi yake ilikuwa moja: kuandika kwa chaki, kwenye ubao wa mlangoni, dawa zilizofika. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mwandiko wa kuvutia. Ulimi wake, kama alivyosema mama yake, haukuwa na breki.

Jumamosi hiyo vilifika vidonge vya dharura, vile ambavyo mwanamke humeza baada ya tendo la ndoa ili asishike mimba asiyoitarajia. Mjomba alimwamuru aandike kwamba vinazuia mimba asilimia mia moja, hata juma zima likipita. Lakini Domitille, msomaji wa kila karatasi, alikuwa ameshasoma ile ya ndani ya pakiti. Ilisema vingine: vimezwe haraka, vyema kabla ya siku tatu kuisha, kwa maana kadiri siku zinavyopita nguvu inapungua. Huwasaidia wanawake wengi, si wote. Na aliyekwisha kushika mimba havimsaidii, wala haviitoi mimba hiyo.

"Tonton, karatasi haiseme vile," alimwambia mjomba wake.

"Uko mutoto. Andika."

Akaiweka chaki mezani. Mjomba akamwambia kwamba maduka yote ya mtaa yanaandika hivyo, na biashara ni matangazo. Domitille akajibu kwamba basi maduka yote yanadanganya. Hata mimi ninayesimulia nisingethubutu kumjibu hivyo mtu mwenye kifua kipana kama kabati. Mjomba akaandika mwenyewe, kwa herufi zilizolala upande, kisha akamfukuza binti na kumwambia asikanyage tena dukani.

Kabla hajavuka kizingiti, akaingia jirani yao Mama Jeanine, mtoto mchanga mgongoni. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba msiba ulimpeleka mji wa Sange, akakosa sindano yake ya uzazi wa mpango, na tangu alale na mumewe siku nne zilikuwa zimepita. Mtoto huyo alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alimwonya kwamba mimba nyingine ya haraka ingehatarisha maisha yake. Akausoma ubao, akashusha pumzi. Kwa kuwa juma halijaisha, akasema, angerudi keshokutwa kuchukua kidonge.

Domitille akasimama katikati ya mlango.

"Maman, usingoje. Ule ubao unadanganya."

Mama Jeanine alikasirika. Mambo ya watu wazima yanamhusu nini mtoto? Domitille hakusogea. Ndipo mama yule akageuka.

"Papa Patrice, mutoto anasema kweli?"

Mjomba alimtazama mtoto aliyelala mgongoni, na aibu ikamshika.

"Anasema kweli. Enda ku centre sasa hivi."

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Marie-Louise alieleza kwamba siku ya nne kidonge bado kingeweza kusaidia, ila kwa nguvu iliyopungua. Njia yenye uhakika zaidi ilikuwa kitanzi cha shaba, ambacho mhudumu humwekea mwanamke kabla siku tano hazijapita. Mama Jeanine akakichagua, akawekewa siku hiyo hiyo. Mjomba naye alikuwa ameshafuta ubao wake.

Nyumbani, hata hivyo, mama yake Domitille alimtaka aende kumwomba mjomba radhi kwa kumjibu mkubwa. Domitille alikataa katakata. Majuma matatu walizozana, mpaka Mama Jeanine alipopima na kuonekana hana mimba. Siku hiyo muuguzi Marie-Louise alipita nyumbani kwao, akamkuta mama bado amenuna.

"Maman, heshima haiko kunyamazia uongo," muuguzi alimwambia. "Ule ubao ungekula siku mbili tu za Jeanine. Na yeye alikuwa amebakia na moja ya kuwekewa kitanzi."