Mwalimu na Muuza Skrini

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa umefurika watu. Kila kibanda kilikuwa na skrini zake na muziki wake, na kila skrini ilionyesha kitu cha kuvuta macho: samaki wa rangi, magari yakikimbia, matunda yakikatwa polepole kwa kisu kikali. Vijana waliovaa nadhifu walisimama mbele ya vibanda wakiita wapita njia.

Mwalimu wa baiolojia alikuwa amekuja kikazi. Alivaa gauni la kijani lililopita magoti kidogo, viatu vya chini, na begani kaning'iniza mkoba mkubwa uliojaa vipeperushi. Shule yao ilikuwa imejenga madarasa mapya, na Mama Mkuu, yaani mkuu wa shule, alikuwa amemtia kwenye kamati ya kuchagua skrini za kufundishia. "Wewe ndiye unayelalamika kila siku kwamba watoto hawaoni michoro yako," alimwambia. "Haya, nenda ukawatafutie watakachoona."

Kila kibanda alichofika walimsogeza mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Alipochoka na hilo, akafanya anavyojua mwenyewe. Alisimama mbele ya skrini moja kubwa, akakaza macho kwenye maandishi madogo pale chini, akaanza kurudi kinyumenyume. Akarudi, akarudi, mpaka mgongo wake ukagonga mtu na chai ikamwagika.

Alipogeuka alimkuta mwanaume mrefu mwenye shati jeupe la kampuni, kikombe kitupu mkononi, kifua kizima kimelowa chai.

"Samahani kaka. Samahani sana, sikukuona. Umeungua?"

"Sijaungua, ilishapoa." Alijitazama shati. "Ila dada, wenzako wakiona skrini wanaisogelea. Wewe unaikimbia. Imekufanyia nini?"

"Namtafuta mwanafunzi wangu wa mwisho. Darasani kwangu anakaa kama pale ulipo wewe."

"Na anaona?"

"Picha anaiona. Maandishi anayabahatisha."

Mwanaume akacheka, kisha akauliza swali ambalo siku nzima hakuna aliyemuuliza: "Madirisha ya madarasa yenu yako upande gani?"

Hivyo ndivyo walivyofahamiana. Wenzake kibandani walimwita Inchi, kwa kuwa alikuwa akitupia jicho skrini yoyote na kukutajia ukubwa wake bila kipimo. Alimzungusha mwalimu ukumbi mzima, hata kwenye vibanda vya washindani wake, shati limemganda kifuani na wala halimshughulishi. Alimweleza kwa nini runinga ya sebuleni haifai darasani. Ile imetengenezwa kuwashwa jioni mtu apumzike, alisema, siyo kuchapa kazi kutwa nzima mwaka mzima, na ikifa mikononi mwa shule, dhamana yake haitambuliki. Alimwonyesha namna rangi zinavyopauka ukikaa pembeni. Alimpa kalamu achore moyo wa binadamu juu ya kioo, aone kama wino unaufuata mkono au unachelewa.

"Huu ni moyo kweli?" alimtania alipomaliza.

"Ni moyo wa kitabuni. Una vyumba vinne."

"Vyote vina wapangaji?"

Mwalimu alifuta mchoro wake kwa kiganja, akamrudishia kalamu. "Wewe uza skrini," alisema, lakini alikuwa anatabasamu, na alipoondoka kadi ya Inchi ilikuwa mkobani.

Ilianza na simu za kazi. Urefu wa ukuta, soketi za umeme, mtoto wa dawati la mbele asije akaumia shingo kwa kutazama juu. Kisha simu zikaanza kuingia jioni, na hazikuwa na habari ya kuta.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nakula sasa hivi, peke yangu kama mjane. Ungekuja ungeniokoa."

"Jikaze. Nasahihisha mitihani."

"Basi zungumza nami huku unasahihisha. Nani kapata sifuri?"

Mara wakawa wanakutana mwisho wa wiki, wanatembea kwenye bustani ya manispaa, mwalimu kavaa sketi yake ya maua na Inchi shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola. Dada mkubwa wa mwalimu, ambaye ndiye aliyemlea na ambaye alikuwa akiishi naye, alianza kuguna kila simu ilipolia. "Huyo muuza skrini," alisema, "anakuuzia nini hasa?"

Swali hilo lilimkaa mwalimu rohoni. Zabuni ilipotangazwa, na jina la kampuni ya Inchi likawa miongoni mwa walioomba, alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mama Mkuu, akamweleza kila kitu.

Mama Mkuu alimsikiliza hadi mwisho. "Umefanya vizuri kusema kabla hujaulizwa. Kwa hiyo kura hupigi. Utazijaribu darasani, uiandikie kamati ulichokiona, na kamati itaamua yenyewe."

Jioni hiyo alimweleza Inchi vilevile. Inchi akasema, "Sawa, mpenzi. Haki ni haki." Alisema kwa wepesi, kwani alikuwa na uhakika skrini zake zingeshinda.

Kampuni tatu zilileta skrini za majaribio. Mwalimu alifundishia kila moja, asubuhi na alasiri, na kila kipindi alimwomba mwanafunzi mwingine akae nyuma kabisa asome kwa sauti. Skrini ya Inchi ilikuwa nzuri kuliko zote, rangi safi, kalamu nyepesi. Lakini kioo chake kiling'aa. Jua lilipoelekea magharibi na kuingia kwenye yale madirisha makubwa, nusu ya darasa walijiona wenyewe na miti ya nje badala ya mchoro wa figo. Kushusha mapazia kulisaidia kidogo, kisha joto likawazidi wakayafungua. Skrini ya kampuni nyingine, isiyovutia sana, ilikuwa na kioo kilichofifishwa kisirudishe mwanga, na saa hiyohiyo ilisomeka mpaka dawati la mwisho.

Aliandika alichokiona. Kamati ikachagua ile nyingine.

Simu ya Inchi iliingia akiwa bado ofisini kwa walimu. Akatoka nje uwanjani kuipokea.

"Nimepata barua," alisema Inchi. "Wanasema kioo kinarudisha mwanga."

"Ndiyo."

"Si ungeniambia, mama. Neno moja tu. Tunacho kioo kingine, ningekuletea siku ya pili yake."

"Najua ungeleta. Ndiyo maana sikukuambia. Wale wengine hawakuwa na mtu wa kuwaambia."

"Mimi ndio wale wengine sasa?"

"Kwenye hilo, ndiyo."

Alimsikia akivuta pumzi. "Meneja ananitazama kama mwizi. Wanajua mimi na wewe tuko pamoja. Wananiuliza mwanamke gani huyu."

Swali la dada yake likamtoka mwalimu mdomoni kabla hajalipima. "Kwani ulinipenda kwa ajili ya zabuni?"

Kimya. Nyuma ya kimya hicho palisikika mlango ukifunguliwa na sauti ya mwanaume mwingine. Kisha Inchi akasema haraka, "Nitakupigia," na simu ikakatika.

Hakupiga. Kesho yake mwalimu alijishusha, akapiga yeye. Simu iliita bila kupokelewa. Alipopiga tena baadaye, haikupatikana kabisa. Alituma ujumbe, ukabaki bila kusomwa. Wiki zilipita hivyo. Dada yake hakumsimanga. Alimpikia uji, akakaa naye kitandani, akamwambia, "Lia uishe, kisha uoge." Mwalimu akalia, akaoga, akarudi kufundisha. Skrini mpya zilifungwa madarasani, na kila alipoiwasha yake alihisi kama kuna mtu amemkanyaga mguuni.

Kumbe kulikuwa na jambo lisilomfikia. Kampuni ya Inchi ilikuwa imekata rufaa juu ya zabuni, na kwa kuwa mwalimu alikuwa sehemu ya jambo lenyewe, hakuambiwa chochote hadi lilipokwisha. Ndipo Mama Mkuu alipomwita, akamfungia mlango.

"Kaa. Walidai kwamba ulimwonyesha yule kijana wako bei za wenzake, kisha ukamgeuka alipokataa kukupa chochote."

"Si kweli, Mama."

"Najua si kweli. Walishindwa kuthibitisha. Ushahidi waliokuwa wakiutegemea ni wa kijana mwenyewe. Walimwandalia maelezo atie saini, akagoma. Akawaambia kioo kilikuwa hakifai na yeye angekikataa vilevile. Wakamfukuza hapohapo." Mama Mkuu akavua miwani. "Wewe hukujua?"

"Sikujua. Simu yake haipatikani."

"Ile simu si ilikuwa ya kampuni?"

Mwalimu aliomba ruhusa ya siku nzima, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alikwenda kwenye duka la kampuni, akamvizia mmoja wa wenzake Inchi aliyekuwa kibandani siku ya maonyesho. Kijana alitazama huku na huku, kisha akamwambia kwa sauti ya chini, "Yuko hospitali ya mkoa." Alipoona uso wa mwalimu umebadilika, akaongeza upesi, "Haumwi, dada. Anafunga skrini za foleni."

Ukumbi wa kusubiria wa hospitali ulijaa wagonjwa na jamaa zao, wamebanana kwenye mabenchi. Inchi alikuwa juu ya ngazi, kavaa ovaroli la buluu lililo fupi miguuni, akikaza skrubu nyuma ya skrini ambayo ingeonyesha namba ya anayefuata. Alikuwa amekonda. Mwalimu alisimama chini ya ngazi na kusubiri.

Inchi alipotazama chini, bisibisi ilimponyoka. Mama mmoja aliyebeba mtoto akaiokota, akampa mwalimu, kana kwamba alijua nani ataifikisha kwa mwenyewe.

"Shuka," alisema mwalimu.

Wakakaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, palipokuwa na kivuli.

"Kwa nini hukunitafuta?" aliuliza mwalimu. "Namba ulipoteza, shule nayo uliipoteza?"

"Nilifika mpaka kituo cha basi cha karibu na shule. Nikarudi. Rufaa ilikuwa inaendelea. Mtu mmoja tu wa kampuni angeniona getini kwako, wangesema si mnaona, bado wanapanga. Nikasema ngoja iishe."

"Nami nilijua umenitupa."

"Nilijua utajua hivyo. Nilikuwa nalala nalo." Alikuna kucha yake iliyoingia vumbi la ukuta. "Siku ile kwenye simu nilikukasirikia kweli. Nisikudanganye. Nilitaka unipendelee. Kisha wakaniwekea ile karatasi mezani, nikasoma walivyokuandika, nikaona aibu. Wewe ulikataa kunipendelea, na mimi ndiye niliyekuwa nakulaumu."

"Ukanyamaza nilipokuuliza kama ulinipenda kwa ajili ya zabuni."

"Meneja aliingia. Lakini hata asingeingia ningenyamaza kidogo. Lilinichoma. Hata hivyo ulikuwa na haki ya kuuliza. Jibu ni hapana. Nilikupenda uliponimwagia chai, zabuni ilikuwa bado haijatangazwa."

Mwalimu alicheka, na kicheko kikageuka machozi, akajifuta kwa mtandio wake. "Njoo nyumbani Jumapili," alisema. "Dada ana maswali."

"Maswali gani?"

"Sijui. Ila jiandae."

Jumapili alifika kavaa suruali nyeusi na shati jipya lenye mikunjo ya dukani, na mkononi mfuko wa matunda. Dada alimpokea, akamkaribisha kiti kinachotazamana na chake, akamwacha amalize soda yake.

"Shemeji," alisema, na mwalimu akashtuka kulisikia neno hilo, "nimesikia ulifukuzwa kazi kwa kukataa kumsingizia mdogo wangu. Nikuulize. Angekuwa mtu usiyemjua, ungekataa?"

Mwalimu alimtazama Inchi, akatamani ajibu upesi. Inchi hakujibu upesi. Alishika chupa tupu kwa mikono miwili, akafikiri.

"Ningependa kusema ndiyo, Dada," alisema mwishowe. "Nadhani ningekataa. Lakini ningeogopa zaidi, na ningechelewa zaidi."

Feni ya mezani iligeuza kichwa chake upande huu, ikarudi upande ule. Kisha Dada akainuka, akachukua mfuko wa matunda, na akiwa kwenye mlango wa jikoni akageuka.

"Wazee wako wanaishi wapi?" aliuliza. "Na wanapenda tuwapokee siku gani?"