Kioo Kimoja cha Mwatumu

Mwatumu alikuwa ameinama ndani ya hema jeusi, kioo mkononi, aliposikia gari likiwashwa. Hakutoka. Picha za kupaka dawa kwenye kioo, kama walivyozipiga wapiga picha wa mwanzo waliofika kwenye mahekalu haya ya jangwa la Misri, ukiziacha nusu dakika zimeharibika. Akadhani shemeji yake Seif anasogeza gari kivulini. Alipofunua hema, vumbi lilikuwa limeshavuka kilima, na vioo ishirini na viwili vya kazi ya siku tisa vimekwenda na gari.

"Seif! We Seif!"

Maonyesho ya picha zao, kule kwao Midrand, yalikuwa yatangazwe kwa majina mawili. Shemeji alitaka liwe moja, lake.

Alibakiwa na lita moja na nusu ya maji ya kuoshea vioo, na kioo hicho kimoja. Ndani yake Seif mwenyewe alisimama kando ya ukuta ili ukubwa wa hekalu uonekane, sekunde nane bila kutikisika, mkono juu ya madumu meupe ya maji yaliyojaa mpaka shingoni. Kisipooshwa, dawa ingekula picha yote. Kikioshwa, nusu ya maji imekwenda, tena yakishagusa dawa ni sumu.

Mwenye akili timamu angekunywa. Mwatumu akaosha, pembe hadi pembe, akiporomosha matusi ya Tanga ambayo mama yake hakujua kuwa anayajua.

Akakifunga kioo kwenye khanga, akafuata alama za magurudumu. Alitembea alfajiri na jioni. Jua likipanda alijibanza chini ya miamba. Siku ya pili maji yaliisha. Kisigino kikachanika, akakifunga kwa kipande cha hema. Ulimi ukavimba. Mara mbili alitaka kukitupa kioo, mara mbili akamwona akilini Seif akimlilia mkewe Najma, dada yake Mwatumu, machozi ya uongo, akainuka. Chuki ilimbeba pale miguu ilipogoma.

Siku ya tatu dereva wa lori la mawe alimkuta amelala barabarani. Alimdondoshea maji kwa kifuniko cha chupa, tone kwa tone. Alipotaka kumpokea lile bunda la khanga, Mwatumu hakuliachia. Hospitalini akaomba kwao asipigiwe simu mtu yeyote.

Wiki tatu baadaye, nyumbani kwa Najma, Mayfair, baada ya Alasiri, walikuwa wanamsomea hitima. Mwatumu wa zamani angepita upande wa wanawake. Huyu aliingia moja kwa moja kwa wanaume, bila hodi. Seif alikuwa anasimulia kwa sauti ya kukatikakatika.

"Madumu yalipasuka njiani, hekaluni tumefika hatuna hata tone..."

Akamwona. "Eish! Shemeji?"

"Endelea, shemeji. Ulifika kwenye madumu."

Akakiegemeza kioo kifuani, kwenye buibui lake jeusi, maana picha ya kioo huonekana vizuri juu ya kitu cheusi, na ikajitokeza wazi: ukuta wa hekalu, mtu, mkono juu ya madumu ya maji yaliyojaa. Najma alikuja mbio kutoka ndani akipiga mayowe, akamkumbatia dada yake, kisha akakitazama kioo kwa muda mrefu.

"Mkono huo," alimwambia mumewe, "jana ulinifuta machozi."

Seif akalegeza kola. Akaomba maji.

Chumba kizima, hakuna aliyeinuka.