Ukurasa wa Tano wa Lucinda

Bahasha kutoka Dar es Salaam ilifika saa kumi na moja na nusu jioni, maktaba ikikaribia kufungwa, na Somoe aliifungua kwa shangwe ambayo watu wenye akili zao huiweka kwa ajili ya harusi. Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja wa gazeti kuukuu. Wa tano. Alikuwa ameungoja miezi mitano.

"Haya, furahi," mkuu wake, Bwana Elia, alimtania akivaa kofia. "Karatasi ya kufungia karanga hiyo."

"Karanga kafungie ya kwako, bwana mkubwa. Magazeti haya yanakwenda kujalidiwa kitabu kimoja kesho, na hayatoki humu na tundu."

Ndivyo kazi ilivyokuwa, mwaka ule wa sabini na mbili. Magazeti ya mwaka uliopita yalikaguliwa ukurasa kwa ukurasa; uliochanika ulibandikwa, uliokatwa uliandikiwa barua mpaka ipatikane nakala nyingine. Wasomaji walikata matokeo ya mpira. Waheshimiwa walikata picha zao wenyewe. Lakini mkataji wa ukurasa huu wa tano alikuwa wa aina yake: kwenye picha ya wakulima wa Madimba wakipima korosho, alimtoa mtu mmoja tu, kwa wembe, taratibu, mpaka vidole vya miguu.

Elia akaondoka. Somoe akapaka gundi ya unga wa ngano, akabandika ukurasa mpya, akaukandamiza kwa kitambaa. Sasa yule mtu akaonekana. Mwembamba, kashika gunia, anacheka. Jino moja la mbele hana.

"Karibu tena," Somoe akamwambia kwa mzaha.

Pakanuka.

Si gundi. Tope la mikoko... maji ya mto yaliyolala.

"Dada."

Mwanamume alikuwa amesimama mbele ya kaunta, mwanga wa mlango nyuma yake, uso gizani. Nguo zimemganda mwilini. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

"Tumefunga, kaka."

"Sitaki kitabu." Aliongea kama mtu aliyejaza maji mdomoni. "Namtafuta Lucinda. Husoma hapa. Nyumba yake imenipotea."

Kumsaidia mtu ndiyo kazi. Somoe akavuta sanduku la kadi za wasomaji, akasoma kwa sauti, kwa ufasaha wote wa chuo kikuu: "Lucinda, mshonaji. Mtaa wa Ufukoni, nyumba ya nne nyuma ya kisima."

"Ahsante. Na mtoto yuko naye?"

"Conceicao, anayekuja naye hapa? Awe wapi tena, kama si kwa mama yake?"

Mtu yule akainama kwenye taa ya kaunta, akacheka.

Jino moja la mbele hakuwa nalo.

Somoe akainamisha macho mezani. Gundi ilikuwa bado mbichi. Wakulima wa Madimba walikuwapo wote, wameuzunguka mzani. Katikati yao gunia lilisimama lenyewe, halikushikwa na mtu.

Alipoinua macho, kaunta ilikuwa tupu. Sakafuni, michirizi ya maji ilielekea mlangoni.

Tap... tap... tap.

Somoe, aliyezoea kuwacheka wanaofunga hirizi, alikimbia mpaka Ufukoni viatu mkononi.

Lucinda alifungua mlango kidogo, akamvuta ndani, akabana komeo. Mtoto wa miaka sita alikuwa mkekani, anakula muhogo.

"Gazeti," Somoe alihema. "Wewe ndiye uliyelikata?"

"Ni mume wangu. Fernando." Lucinda alinong'ona. "Alizama Ruvuma, dada, maiti hatukuipata. Basi akawa anakuja. Kila jioni, dirishani, anamwita mtoto waende wote wavuke mto. Sikuwa na cha kuzika. Nikamkata kwenye gazeti lenu, nikamzika huyo. Akanyamaza. Miezi mitano!" Akamtazama Somoe mikono, iliyokauka gundi. "Umefanya nini?"

"Nimebandika."

Conceicao aliacha kutafuna.

"Mama, baba yuko dirishani. Anasema dada wa maktaba ndiye kamwelekeza."

Lucinda akamkumbatia mwanawe kwa mkono mmoja. Kwa mwingine akapapasa kikapu cha kushonea, akatoa wembe, akautia kiganjani mwa Somoe.

"Rudi. Kamkate."

"Hayumo," Somoe alinong'ona. "Nimetazama. Hayumo tena kwenye picha."

Ubao wa dirisha uliguswa. Polepole, kama na mkono uliolowa.

"Basi mkate kwenye lingine. Gazeti hilo lina nakala ngapi?"

Somoe alijua. Kila maktaba kubwa nchini ilitunza moja, na kila moja ilikuwa na mtu kama yeye, anayehakikisha halipotei, halikatwi, halisahauliki. Akamtazama mtoto, kisha dirisha; yule wa nje asisikie kwamba ana milango mingi hivyo ya kurudia.

"Ni moja tu," akasema. "Ni hilo letu."

Nje, ubao ukaguswa tena.

"Mbili," sauti yenye maji ikaendeleza hesabu. "Tatu... Nne..."