Chumba Juu ya Shimo la Matofali

Kila jioni Léonard Kabwe alipika bukari nyingi mno.

Hakuwa mlafi. Alikuwa mtu mmoja tu, na siku hizo hamu ya chakula ilikuwa imempungua. Lakini mkono wake ulizoea kipimo cha watu wawili. Alichota unga wa ugali kama mkewe Jeanne alivyokuwa akichota, akasonga, akapakua, akala nusu. Nusu nyingine ililala kwenye sahani hadi asubuhi. Kuku wa jirani waliijua habari hiyo mapema. Walikuja mlangoni kila siku, wakanenepa.

Jeanne alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, wakati wa baridi. Annie, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa mji mwingine, Jadotville. Basi Kabwe alibaki peke yake katika nyumba yake ya mtaa wa Katuba, mjini Élisabethville, katika miaka ile ya hamsini ambapo Wabelgiji walikuwa bado wanatawala. Kazi ya reli alikuwa amestaafu. Asubuhi alifagia uwanja ambao hakuna aliyeuchafua. Mchana alikaa kwenye kiti akasikiliza treni zikipita bila yeye. Siku nzima iliweza kuisha bila mtu kumwita jina. Upweke huo hakuwa na wa kumwambia.

Nyumba hiyo waliijenga wawili. Kwenye lupango lao, yaani kiwanja chao, palikuwa na kichuguu kikubwa. Kila mtu wa Katanga anajua kwamba udongo wa kichuguu hutoa matofali mazuri. Jeanne alikanyaga tope kwa miguu, Kabwe akajaza kibao cha kufyatulia matofali, Jeanne akayalaza juani yakauke. Kichuguu kilipokwisha, waliendelea kuchimba chini. Nyumba ilipokamilika, shimo lilibaki nyuma yake, na mtu akisimama ndani hakuonekana.

Upande wa pili wa uwanja Jeanne alijijengea jiko: nguzo, bati kuukuu na mafiga matatu. Alipika hapo mpaka alipougua. Tangu afe, Kabwe alipikia mlangoni kwenye mbabula, jiko dogo la makaa. Jiko la Jeanne hakuligusa.

Jumapili moja mkwe wake Désiré alifika kwa treni.

"Jambo yenu, baba."

"Jambo, mwana. Annie iko muzuri? Na mutoto?"

"Beko bazuri. Virginie anatembea sasa, anavunja kila kintu." Désiré alikaa, akashika kofia yake mikononi. "Baba, nilikuya na habari. Kompani inanileta kazi huku Élisabethville. Mbele ya mvua kuanza kunyesha sana, tutakuya wote."

Kabwe alisimama. "Mutakaa hapa?"

"Annie anapenda vile. Anasema, baba iko peke yake. Lakini nyumba iko na chumba moja tu. Kama kunakuwa chumba ingine, tutakaa hapa. Kama hakuna, kompani itatupatia nyumba mu camp. Kule ni mbali. Tutaonana dimanche tu, kama leo, na dimanche ingine hapana."

"Chumba itakuwa," Kabwe alisema. "Ambia Annie. Chumba itakuwa."

Désiré alipoondoka, Kabwe alizunguka uwanja. Mahali pa kujenga palikuwa pawili tu. Huku palikuwa jiko la Jeanne. Kule palikuwa shimo. Aliangalia jiko, akageuza uso haraka.

Kesho yake alianza kujaza shimo. Alitupa ndani majivu, mabua ya mahindi, makopo na majani makavu. Juu yake akamwaga udongo, akaukanyagakanyaga kwa miguu mpaka ukawa sawasawa. Palionekana pazuri. Wewe unayesoma usimcheke, kwa sababu wengi wa Élisabethville wamefanya hivyo hivyo. Tunachimba matofali uwanjani, halafu tunaona aibu kuwa na shimo.

Hakwenda ofisi ya mtaa kuomba ruhusa ya kujenga. "Lupango ni langu," alijiambia. "Wanataka nini tena?" Matofali ya zamani yalikuwepo bado, yale aliyoyatengeneza na Jeanne. Chumba alikisogeza mpaka kwenye ua wa jirani, na upande mwingine akakibana na nyumba kubwa. Dirisha hakuliwekea nafasi. Alipokuwa akipanga matofali aliimba, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

Ukuta ulikuwa umefika kifuani pale Edouard, mkaguzi wa ujenzi wa mtaa, alipopita na baiskeli yake. Alishuka.

"Jambo, baba. Ruksa ya chumba hii iko wapi?"

"Ruksa ya nini? Lupango ni yangu."

"Ndiyo, ni yenu. Lakini kujenga kunaombwa. Plan iko wapi?"

"Iko mu kichwa."

Edouard hakucheka. Alizunguka ukuta polepole. "Dirisha hakuna. Ukuta inagusa lupango ya jirani. Na hapa chini kulikuwa nini?"

Kabwe alichukua tofali lingine. Edouard alitoa chaki nyekundu, akachora msalaba mkubwa ukutani.

"Baba, musiongeze hata tofali moja. Kuyeni kwanza ku bureau kuomba ruksa."

Alipokwenda, Kabwe alikaa chini mbele ya msalaba ule. Hasira ilimpanda, kisha ikashuka, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hasira. Akilini alimwona Annie akiingia camp na mlango ukifungwa. Aliona sahani yake moja, jioni baada ya jioni, mpaka mwisho.

"Banataka nikufe peke yangu," alisema kwa sauti.

"Nani anataka vile?" mtu alijibu kutoka ng'ambo ya ua.

Alikuwa Stanislas, jirani yake, mtu wa Kasai na kapita, yaani msimamizi wa waashi. Hao wawili walikuwa wakisalimiana tu. Kabwe alidhani Mkasai yule anajidai. Stanislas naye alidhani Kabwe, mzee aliyetoka Mitwaba ya Katanga, ndiye anayejidai. Hivyo walikaa jirani muda wote huo, kila mmoja na heshima zake.

Stanislas alizunguka akaingia. Mkononi alikuwa na nondo, chuma kirefu cha kazi yake.

"Baba Annie, nilikuona ukijaza shimo. Nilipaswa kusema, na sikusema. Nilifikiri utasema, huyu Mukasai anaingia mu mambo ya bengine."

"Ningesema vile kabisa," Kabwe alikubali.

Stanislas alisimamisha nondo karibu na ukuta, akasukuma. Ilizama bila shida, ikashuka mpaka mkono wake ukagusa ardhi. Akaichomoa, akavuka uwanja hadi karibu na jiko la Jeanne. Pale alisukuma kwa nguvu zote. Nondo iliingia kidogo, ikakataa.

"Unaona? Udongo ya huku haijachimbwa hata siku moja. Lakini mule mu shimo, majani itaoza na mvua itaingia. Udongo itashuka. Ukuta itapasuka, kisha itaanguka. Mule ndani nani atalala?"

"Virginie," Kabwe alisema. "Mutoto ya Annie."

Stanislas alifuta udongo kwenye nondo.

"Lakini hii sheria ni ya bazungu," Kabwe alisema.

"Ni yao. Na mu bureau bengine banatusemesha sawa batoto. Miye pia inaniuma. Lakini ukuta hauulize nani aliandika sheria." Stanislas aligonga ukuta kwa kiganja. "Angalia dirisha. Bantu batatu, baridi ya mwezi ya juin, mbabula ndani, mulango umefungwa. Moshi ya makaa inaua bila kelele. Ni sababu ya ile banaomba dirisha, hewa ipite. Hata na dirisha, mbabula ya moto haiingie mu chumba ya kulala."

"Na mupaka?"

"Mupaka ni ya kunilinda miye!" Stanislas alicheka. "Maji yote ya bati yako itanyeshea nyumba yangu. Na siku moto inashika kwako, inaruka kwangu. Acha nafasi, muntu apite katikati."

Kabwe alitabasamu kwa shida. Kisha Stanislas akauliza swali lililokuwa gumu.

"Pale ku jiko ni pazuri. Sababu ya nini haukujenga pale?"

Machozi yalimtoka Kabwe, mzee mzima, mbele ya mtu ambaye jana alikuwa akimpa salamu tu.

"Ni jiko ya Mama Annie," alisema. "Nikiivunja, yeye atakuwa amekufa kabisa."

Stanislas alikaa chini karibu naye. Walikaa hivyo mpaka jua lilipoondoka uwanjani.

"Mafiga inahamishwa," Stanislas alisema mwishoni. "Shimo haihamishwe."

Siku iliyofuata walikwenda ofisini pamoja. Stanislas alikuwa amechora plan kwenye karatasi: nyumba, chumba kipya, mpaka, kisima, choo. Karani aliwasimamisha muda mrefu kwenye jua, na alipowaita hakuomba radhi. Lakini plan aliiangalia vizuri. Alitaka dirisha liwe kubwa zaidi, na akauliza choo kiko mbali kiasi gani na kisima. Stanislas alimweleza. Baadaye ruhusa ilitoka.

Kubomoa ukuta wenye msalaba kulimuuma Kabwe. Alishusha tofali moja moja, akayasafisha, akayapanga. Mengine yalikuwa bado na alama ya vidole vya Jeanne.

Kapinga, mke wa Stanislas, alikuja kusaidia kwenye jiko. Hakumruhusu Kabwe kubeba mafiga.

"Wacha, baba. Hii ni kazi ya bamama." Aliyabeba moja moja, akayapanga kwenye kona nyingine, mbali na majengo. Yalikaa vilevile, na masizi yake yote. Kabwe aliyaangalia. Alitegemea kuumia zaidi. Aliumia, lakini alipumua.

Walichimba msingi mpaka kwenye udongo mgumu. Kabla ya kuweka tofali la kwanza, walimwita Edouard. Mkaguzi aliingia ndani ya mtaro na viatu vyake, akagonga chini kwa kisigino.

"Hapa ndiyo, baba. Jengeni."

Mtaro wa msingi ukishafunikwa, hakuna anayeuona tena. Ndiyo maana ukaguzi hufanyika kwanza. Jioni, Stanislas akitoka kazini, walijenga pamoja. Kabwe alimpa bukari yake iliyobaki, na Stanislas aliila yote.

Bati lilikuwa limeshapigiliwa mvua kubwa ya kwanza iliponyesha. Asubuhi Kabwe alikwenda nyuma ya nyumba. Pale alipokuwa amejenga mara ya kwanza, ardhi ilikuwa imebonyea. Maji meusi yalijaa ndani, na kopo moja lilielea. Alisimama hapo akiwa ameshika kichwa. Alifikiria mtoto aliyelala. Kisha alikwenda kwenye ua, akamwita Stanislas aje aone. Siku hiyohiyo walizungushia shimo miti, mtoto asije akatumbukia.

Jumamosi Annie alifika na mume wake, mtoto na mafurushi. Alifungua dirisha la chumba kipya, upepo ukaingia. Kisha alitoka uwanjani, akasimama ghafla.

"Haya mafiga ni ya mama."

"Ni yake," Kabwe alisema. "Tuliihamisha. Leo nitapika miye."

Alikoka moto katikati ya mafiga yale, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alichota unga kwa kipimo chake cha kila siku, akasonga, akapakua. Walikaa kuzunguka sahani. Virginie alikula kwa mikono yote miwili. Désiré alimega tonge la pili, akanyoosha mkono tena, akakuta sahani tupu.

"Baba," Annie alisema, "bukari ilikwisha."

Kabwe aliinuka akachungulia sufuria. Ilikuwa tupu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Annie hakujua anacheka nini. Kisha akachota unga tena, zaidi ya ule wa kwanza.

Asubuhi kuku wa Stanislas walikuja mlangoni kama kawaida yao. Wakasubiri. Hawakupata kitu.