Blanketi la Vichwa na Miguu

Kaeni vizuri hapo mlipo. Anayekuna pua, aache. Anayekanyaga mwenzake, atoe mguu.

Huyu ni Sekela. Anakaa Tukuyu, kwenye migomba mingi na baridi nyingi.

Baridi ya Tukuyu haina haya. Inaingia mpaka kwenye kitovu.

Sekela anakaa na Bibi yake. Bibi ni fundi cherehani. Mikono yake ina kasi, na mdomo wake una kasi zaidi.

Sekela ana wadogo zake. Kuna Gwakisa, ambaye hakosi kamasi. Kuna Tumpe, ambaye bado anavaa suruali nyuma mbele.

Na kuna mbuzi. Mbuzi anaitwa Tonge, maana kwake kila kitu ni tonge.

Sabuni, tonge. Kandambili, tonge. Kofia ya mchungaji, tonge, na siku hiyo Bibi alitamani kujificha chini ya meza.

Watoto wote wanalala kitanda kimoja. Wanalala mzungu wa nne. Kichwa huku, miguu kule, kichwa huku.

Ukiamka asubuhi, wa kwanza kukusalimia ni kidole gumba cha mtu.

Blanketi lao lilikuwa moja. Nimesema lilikuwa.

Juzi Sekela alivuta huku. "Langu!"

Gwakisa akavuta kule. "Langu!"

Tumpe alikuwa katikati. Yeye akavuta juu, alimradi na yeye avute.

KRAAAAA!

Blanketi likawa mawili. Asubuhi yakaanikwa uani, Tonge akapita.

Basi. Hakuna blanketi.

Jana usiku wakajifunika gunia la viazi. Gunia linawasha. Kuna-kuna-kuna!

"Bibi, gunia linawasha!"

"Viazi mbona havikulalamika?" Bibi akajibu. "Laleni!"

Leo asubuhi Bibi akatoa furushi. Akalifungua. Pwaa!

Vipande! Vipande vya vitenge, masalio ya magauni ya watu.

Bibi alikuwa amevikata vyote tayari. Kila kipande mraba. Kila kipande sawa na kiganja chake.

Vingine vilikuwa na samaki. Vingine vilikuwa na ndizi. Vingine vilikuwa na duara kubwa kama macho ya mtu aliyeshtuka. Na vingine, jamani, vilikuwa na viatu vya mchuchumio.

"Sekela," Bibi akaita.

"Abee, Bibi."

"Nani amechana blanketi?"

Sekela akatazama vidole vya miguu yake. "Sisi."

"Basi nyie ndio mtalipanga jipya. Wewe mkubwa, anza."

Bibi akainua kidole.

"Kukata nimekata.
Kushona nitashona.
Kupanga, shauri yako!"

"Nipange vipi, Bibi?"

"Usiniulize mimi. Nataka blanketi ambalo nikilitazama, niseme, 'Ala! Kumbe ni hivi!' Na fanya upesi. Jua likizama, sishoni. Mtalala na gunia."

Gunia lilikuwa pale mlangoni. Lilikuwa linasubiri.

Sekela akatandika jamvi uani. Akashika kipande. Akakigeuza.

"Kipande hiki, kipande kile,
kikae hapa, au kikae kule?"

Akatazama mbali. Akaona kilima cha majani ya chai. Mistari, mistari, mistari, kijani kitupu.

"Nimepata!" akasema Sekela.

Akapanga vipande vya kijani. Mstari, mstari, mstari.

Bibi akachungulia juu ya miwani. "Hii nini?"

"Shamba la chai, Bibi."

"Mimi naona mchicha. Nani alale chini ya mchicha?"

Tonge naye aliona mchicha. Nyam!

"Tonge! Tema!"

Tonge hakutema. Alitazama mawinguni, kama mbuzi asiyejua lolote.

Jua likasogea.

"Kipande hiki, kipande kile,
kikae hapa, au kikae kule?"

Akapita kuku. Kuku wa madoadoa. Meusi, meupe, meusi, meupe.

"Nimepata!" akasema Sekela. "Nitapanga madoa kama ya kuku!"

Lakini doa la pili lilikuwa wapi? Chini ya bawa? Ilibidi atazame vizuri.

"Kuku, simama!"

Wewe umeshaona kuku aliyesimama kwa kuambiwa? Hata mimi sijamwona.

Sekela akamkimbiza kuku. Gwakisa akamkimbiza Sekela. Tumpe akamkimbiza Gwakisa, na suruali ikamkimbia Tumpe.

Kokoo-ko-ko-kooo! Kuku akapita katikati ya jamvi. Fyaaa! Vipande vyote juu!

Vipande vyote vikaanguka. Kimoja hakikuanguka. Chekundu.

Kilikuwa kimenata puani kwa Gwakisa.

"Kibenata," akasema Gwakisa, maana pua ilikuwa imeziba. "Kibenata!"

"Nakiona," akasema Bibi. "Na hicho usinirudishie hivyo hivyo."

Jua likasogea tena.

"Kipande hiki, kipande kile,
kikae hapa, au kikae kule?"

Akaja Mjomba Ambokile na mkungu wa ndizi begani.

"Shikamoo, Mama," akamwambia Bibi.

"Marahaba. Tua huo mkungu, unatoa jasho kama chungu."

Mjomba akainama kutua mkungu. Sekela akaona suruali yake. Nyuma!

Kulikuwa na kiraka cha bluu. Juu ya kiraka, kiraka cha kahawia. Pembeni ya kiraka, kiraka cha maua.

"Nimepata!" akasema Sekela. "Shikamoo, Mjomba. Usikae!"

"Marahaba. Kwa nini nisikae?"

"Natazama nyuma yako."

"Unatazama nini?"

Mjomba akageuka amwone. Sekela akazunguka aone viraka. Mjomba akageuka. Sekela akazunguka. Geuka! Zunguka! Geuka! Zunguka!

Puu! Mjomba akakaa chini. Alikalia ndizi. Ndizi mbivu.

Sasa kiraka cha bluu kilikuwa na uji wa njano, na hakuna aliyetaka kukitazama tena.

"Mama," akasema Mjomba, "hawa watoto wanakula nini?"

"Blanketi," akasema Bibi. "Wanashirikiana na mbuzi."

Jua sasa lilikuwa chini. Lilikuwa limekaribia mlima.

Baridi ikaja. Ikaanza na masikio.

Sekela akavitazama vipande. Vipande navyo vikamtazama, maana vingine vilikuwa na macho.

"Kipande hiki..." akasema. "Kipande kile..."

Akavisukuma pembeni.

"Sijui! Sijui kikae wapi! Tutalala na gunia!"

"Gunia linawashaaaa!" akalia Tumpe.

Bibi hakusema pole. Bibi hana pole za bure. Alitazama jua, akafuta miwani, akatia uzi kwenye sindano ya cherehani.

Sekela akajilaza kwenye jamvi, akanuna. Kichwa huku.

Gwakisa naye akajilaza, akanuna. Kichwa kule. Ndivyo alivyozoea.

Tumpe akajilaza pembeni ya Gwakisa. Kichwa huku. Akanuna kuliko wote.

"Toa mguu puani kwangu!" akasema Sekela.

"Toa pua mguuni kwangu!" akasema Gwakisa.

Tonge akaja. Akajilaza pembeni ya Tumpe, kichwa kule, na yeye akanuna. Sijui yeye alinunia nini, wakati alikuwa ameshiba.

Sekela akainua shingo atazame.

Kichwa. Miguu. Kichwa. Mkia.

Akatazama tena. Kichwa huku. Miguu huku. Kichwa huku. Mkia huku.

Sekela akacheka. Hi hi! Akacheka tena. Ha ha haa!

"Msisogee!" akapiga kelele. "Mtu asisogee! Hata mbuzi!"

Akaruka. Akashika kipande chenye macho. Akakiweka kichwani kwa Tumpe.

Akashika chenye samaki. Akakiweka tumboni. Akashika chenye viatu vya mchuchumio. Akakiweka miguuni. Palipobaki akajaza vingine.

"Kipande hiki kikae hapa!
Kipande kile kikae kule!"

Kwa Gwakisa akageuza. Viatu huku, ndizi katikati, macho kule.

"Mimi sitaki viatu vya kike!" akasema Gwakisa.

"Utavivua ukilala. Tulia!"

Kwa Tonge naye akaweka macho, na ndizi ikawa mkia. Na tumboni? Tumboni akaweka kijani kilichobaki. Si kingine alikijaza mwenyewe?

Halafu Sekela akajilaza mahali pake. Akajiwekea macho. Akajiwekea samaki. Viatu akavirusha miguuni, na vikatua palepale.

"Bibi!" akaita. "Bibi, njoo!"

Bibi akaja, pini zimejaa mdomoni. Akasimama. Akatazama.

Kichwa, miguu, kichwa, mkia.

Akatoa pini mdomoni, moja moja.

"Ala!" akasema Bibi. "Kumbe ni hivi!"

Akaanza kuokota vipande na kuvibana kwa pini, mstari kwa mstari. "Msipumue," akasema. Tumpe akabana pumzi mpaka mashavu yakawa maandazi.

Bibi akakaa kwenye cherehani. Jua lilikuwa limegusa mlima.

Tiki-tiki-tiki-trrrr!

Mstari wa Sekela. Tiki-tiki-tiki-trrrr!

Mstari wa Gwakisa. Kile kipande chekundu kilishafuliwa, kikafuliwa tena. Bibi akakishona pale pale kilipokuwa kimenata. Kikawa pua.

Mstari wa Tumpe. Bibi akatazama viatu vyake. Akavishona nyuma mbele.

Mstari wa Tonge. Tiki-tiki... Tiki...

"Uzi unavutwa!" akasema Bibi. "Nani anavuta uzi wangu?"

Upande huu uzi ulikuwa unaingia kwenye sindano. Upande ule ulikuwa unaingia mdomoni kwa Tonge.

"Tonge! Tema!"

Mjomba akavuta. Tonge akavuta. Mjomba akavuta. Fyuuu! Uzi ukatoka wote, mrefu, wenye mate.

"Utakauka," akasema Bibi. "Shika hapo!"

Tiki-tiki-tiki-trrrr! Akatia shuka kuukuu kwa chini. Tiki-tiki-tiki-trrrr! Akazungushia pindo.

Jua likasema dwii, likazama. Bibi akakata uzi kwa meno. Kacha!

"Kukata nilikata," akasema Bibi. "Kushona nimeshona."

"Na kupanga nimepanga mimi!" akasema Sekela.

"Haya, umepanga. Nawa miguu, ukalale."

Wakanawa miguu. Wakapanda kitandani. Kichwa huku, miguu kule, kichwa huku.

Sekela akaingia chini ya Sekela. Gwakisa akaingia chini ya Gwakisa. Tumpe akaingia chini ya Tumpe.

Hakuna aliyevuta. Uvute nini, na lako unalo?

"Na huku kwa mbuzi?" akauliza Tumpe. "Nani atalala huku?"

"Hakuna," akasema Gwakisa. "Mbuzi ana banda lake."

Kwiiii. Mlango ukafunguka.

Akaingia Bibi. Alikuwa ameshika mto wake.

"Sogeeni," akasema.

"Lakini Bibi," akasema Sekela, "hapo ni pa mbuzi!"

Bibi akavua miwani. Akainua blanketi. Akaingia chini ya mstari wa Tonge, kichwa kule, miguu huku.

"Meee," akasema Bibi.

Akanyoosha miguu.

"Bibi," akasema Tumpe, "toa mguu puani kwangu."

"Toa pua mguuni kwangu," akasema Bibi. "Na ulale."

Tumpe akageukia upande wa pili. Huko akakuta mguu wa Gwakisa. Akalala hivyo hivyo.

Nje, Tonge alikuwa anakula gunia. Nyam... nyam... Likamwasha ulimi mpaka asubuhi.

Ni shauri yake. Wewe fumba macho. Jicho la kulia. Na hilo la kushoto, nimeliona.