Mlango wa Bure

Jioni ile Cleopa alikwenda dukani kununua kitu kimoja tu: komeo. Tena komeo jipya, linang'aa, bado lina karatasi yake. Mwenye duka akamshika paji la uso.

"Cleopa, unaumwa? Wewe na kitu kipya wapi na wapi?"

Watu barazani wakacheka. Yeye akacheka kuwashinda, maana ilikuwa kweli. Nyumba yake, pale juu kidogo ya ufukwe wa Mbamba Bay, haikuwa na kitu hata kimoja kilichozaliwa nayo. Mabati yalitoka kwenye baa iliyofilisika. Ukilala chali chumbani ulisoma NYAMA CHO, na MA ukaikuta jikoni. Madirisha yalikuwa ya darasa lililobomolewa. Kenchi za paa alizichonga kutoka kwenye boti iliyokufa, na mvua ikikaribia zilinuka usipa, dagaa wa ziwani. Majirani waliibatiza nyumba hiyo Mtumba. Asteria, mkewe, alikuwa akisema, "Siku moja huyu ataniletea na mke mwenza aliyetumika."

Lakini ilikuwa yao. Walishachoka kupanga chumba ambacho mwenye nyumba akitaka kulala yeye, nyumba nzima inazimiwa taa. Na usiku huo wangelala kwao kwa mara ya kwanza, wao na Raimundi, mtoto mchanga waliyempata baada ya kuzika wawili. Asteria alishatangulia na godoro na mtoto. Kilichobaki ni komeo tu, maana mlango ulikuwa umeshafungwa kwenye bawaba zake.

Na mlango wenyewe, jamani! Mninga mtupu, mzito kama dhambi ya padri. Aliupata bure kwa Othmar wa Ruanda, kijiji cha kule juu kwenye kahawa. Othmar hakuwa rafiki wa kupita. Ndiye aliyemsimamia ndoa, ndiye aliyebeba upande wa kichwa wa majeneza yote mawili madogo. Mama yake, Mama Notburga, alipofariki, Cleopa alipanda mlima akalala matangani hadi mwisho. Baadaye Othmar akapiga simu: anabomoa nyumba ya marehemu, Cleopa aje achukue mlango.

Siku ya kuupakia kwenye lori, Othmar alifanya kitu cha ajabu kidogo. Aliugonga mlango kwa ngumi, akauinamia, akaunong'oneza kama mtu anayemwambia mgonjwa siri. Kisha akainuka, akasema kwa sauti:

"Cleopa, unaupokea?"

"Naupokea na wote waliomo!"

Vijana waliokuwa wakipakia wakaangaliana. Hakuna aliyecheka. Utani ulianguka chini kama sahani. Cleopa akajisemea, hawa watu wa milimani nao, mpaka uwaandikie barua ndipo wacheke.

Sasa alikuwa anapandisha kwake, komeo mfukoni, giza linaingia. Ziwa lilikuwa limenyamaza. Akaanza kusikia harufu.

Si usipa. Usipa angeujua hata akiwa maiti. Hii ilikuwa harufu chachu, nzito, ya maganda ya kahawa yaliyooza baada ya kumenywa. Harufu ya Ruanda. Huku chini ufukweni hakuna mtu mwenye hata mti mmoja wa kahawa.

Akaongeza mwendo.

Asteria alikuwa amekaa nje juu ya godoro, amenyoosha miguu, anajipepea na upande wa kanga. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Mbona nje, Mama Raimundi?"

"Napumzika, baba. Leo nimepata msaidizi."

Cleopa akaitazama mikono yake. Ilikuwa mitupu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Ndani, kwa bibi."

"Bibi gani?"

"Huyo wa shemeji Othmar. Alinipigia mchana, akasema kuna bibi wa kwao anakuja kunisaidia mtoto, akifika nimkaribishe vizuri. Nimefika, nikamkuta ameshaingia. Nikamwambia karibu sana, bibi, hapa ni kwako. Akanyoosha mikono, nikampa." Akatabasamu. "Mzee mpole. Ila mikono yake baridi…"

Asteria hakuwahi kumwona Mama Notburga. Wakati wa msiba alikuwa na mimba, hakupanda mlima.

Ndani, mtu akakohoa.

Kikohozi kifupi, mara mbili, kisha mkwaruzo wa koo. Cleopa alikuwa amekisikia miaka na miaka akila ugali kwa Mama Notburga.

Akausukuma mlango. Haukutikisika. Akaupiga bega. Ni kama alipiga mlima. Akaingiza mkono mfukoni, akaligusa komeo, bado liko kwenye karatasi yake. Mlango haukuwa na komeo. Haukuwa na kitasa. Haukuwa na chochote cha kuufunga!

"Baba Raimundi, una nini?"

Ndani, sauti ya kizee ilikuwa inaimba taratibu, wimbo wa kubembeleza wa Kimatengo, lugha ya kule mlimani. Mtoto hakulia. Laiti angelia.

Cleopa akapiga magoti kwenye kizingiti. Mtu aliyelelewa vizuri hata akiishiwa akili adabu hubaki.

"Shikamoo, mama."

Wimbo ukakatika.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

Asteria aliposikia mumewe anaita "mama", kanga ikamdondoka mkononi. Akaelewa ni mama gani. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mama… nipe mtoto."

"Wangu yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Othmar. Aliniambia, mama, tangulia na Cleopa, mimi nakuja nyuma yako. Nimetangulia." Akakohoa. "Wangu akifika, nitakupa wako."

Cleopa akatoa simu. Othmar akapokea upesi, kama aliyekuwa ameishika mkononi.

"Othmar. Mama yako yuko kwangu."

Nyuma yake kulisikika watoto wanacheka, sahani zinagongana. Nyumba yenye raha.

"Amefika salama?" Othmar akanong'ona.

"Ana mwanangu! Njoo umchukue mama yako!"

"Cleopa, sisi tulikuwa hatulali. Kila jioni anakaa jikoni, anawaita wanangu mmoja mmoja…"

"Umenisimamia ndoa, Othmar! Umenizikia watoto!"

"Ndiyo maana nikakuchagua wewe. Mtu mwingine asingempokea vizuri."

Cleopa akautazama mlango.

"Mwambie nakuja," Othmar akasema.

"Utakuja?"

"Wewe mwambie tu."

Simu ikakatika.

Asteria alikuwa amelala kifudifudi kwenye kizingiti, ameingiza vidole chini ya mlango, anatafuta hata unywele wa mwanae. Cleopa akauinamia mlango.

"Mama… anakuja. Yuko njiani."

"Hivyo hivyo ndivyo alivyosema yeye," sauti ikajibu, chini kabisa, kama inayotaka kulia.

Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu. Ndani hakukuwa na mtu. Raimundi alikuwa sakafuni, mzima, anapumua, amezungushiwa kanga kuukuu isiyokuwa ya Asteria. Alikuwa macho. Alikuwa anaangalia kona, anacheka.

Kesho yake Cleopa aliung'oa mlango, akaurudisha Ruanda. Mama mmoja wa ukoo wa Othmar, Bibi Ottilia, hakuruhusu hata lori lizimwe.

"Kwetu mlango wa marehemu hautolewi hivi hivi," akamwambia. "Mtoto wa marehemu hutangulia mbele ya mlango njia nzima, na kuingia wa kwanza, ili mama amfuate. Huyu hakutangulia. Na ninyi mmepokea, wewe na mkeo, kwa midomo yenu wenyewe. Mbao hizo chomeni tu. Hazina kitu tena, mwenyewe yumo kwenu."

Wakazichoma. Wakarudi kwenye kile chumba cha kupanga. Harufu ya maganda ya kahawa wakaikuta imeshafika. Jumapili moja Cleopa alipanda mlima, akamvizia Othmar kanisani. Wakati wa kutakiana amani alimnyooshea mkono. Othmar akautazama mkono ule, akatoka nje kwa mlango wa pembeni, hakurudi hata kwa komunyo.

Basi wamerudi Mtumba, wanaishi. Utafanyaje? Kila jioni giza likiingia, sauti huuliza kutoka jikoni kama Othmar amefika, na Cleopa hujibu kwa heshima, "Yuko njiani, mama." Akijibu, usiku hupita. Watu wanashangaa tu siku hizi hacheki.

Juzi Raimundi ameanza kusema. Asteria alikuwa amempakata, wanasubiri neno la kwanza, kama litakuwa baba au mama. Mtoto akaugeukia mlango mpya wa bati, akautazama sana. Akakohoa, kifupi, mara mbili.

"Amefika?"